Bunduki za Kijeshi za Mikataba ya Nje: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wanaoanza kukusanya bunduki za zamani, na hata na waliokwisha kuzoea. Mifano mingi inatoka Marekani kati ya 1914 na 1945, maana huko ndiko viwanda vilikopokea oda kubwa kuliko kwingine kote za kutengenezea majeshi ya nchi nyingine. Afrika Mashariki ina mlango wake mdogo, karibu na mwisho.

## Mambo ya msingi

Bunduki ya mkataba ni ipi hasa?

Ni bunduki iliyotengenezwa na kiwanda cha nchi moja kwa oda ya jeshi la nchi nyingine, kwa vipimo vya mnunuzi, na kukaguliwa na maofisa wa mnunuzi. Bunduki zilizouzwa tayari kutoka ghalani ni jambo jingine. Mwaka 1914 Uingereza na Urusi zilinunua bunduki za Arisaka kutoka Japani, lakini nyingi kati ya hizo zilikuwa za jeshi la Japani lenyewe. Zina historia nzuri, ila si za mkataba kwa maana tunayoitumia hapa.

Kwa nini nchi iagize silaha zake nje?

Kwa sababu vita vilikuja vikubwa kuliko hesabu za makao makuu. Urusi iliingia vitani 1914 ikiwa na askari wengi kuliko bunduki. Katika kurudi nyuma kwa 1915, zana nyingi ziliachwa njiani, na kulikuwa na askari waliofika mstari wa mbele wakisubiri bunduki ya mwenzao atakayeanguka. Viwanda vya Tula, Izhevsk na Sestroretsk havikuweza kuziba pengo hilo. Uingereza nayo ilikuwa ikijenga jeshi jipya karibu kutoka sifuri, na Ufaransa ilikuwa imepoteza maeneo ya viwanda kaskazini. Marekani haikuwa vitani, ilikuwa na mashine, na ilikuwa tayari kuuza.

Nianze na zipi?

Aina tatu za Vita vya Kwanza vya Dunia zinatosha kukufundisha karibu kila kitu.

Ya kwanza ni Mosin-Nagant ya Kirusi, mfano wa 1891, iliyotengenezwa na Remington huko Bridgeport, Connecticut, na kampuni ya New England Westinghouse huko Massachusetts. Urusi iliagiza 1,500,000 kwa Remington na 1,800,000 kwa Westinghouse. Kampuni hii ya pili ilikuwa tawi la Westinghouse, kampuni ya vifaa vya umeme. Ili ipate mahali na mafundi, ilinunua kiwanda cha bunduki cha J. Stevens huko Chicopee Falls mwaka 1915.

Ya pili ni Winchester mfano wa 1895, bunduki ya mkono wa kusukuma chini iliyobuniwa na John Browning. Urusi iliagiza 300,000 na kupokea karibu zote. Kiwanda cha New Haven kiliibadilisha itumie risasi ya Kirusi ya 7.62, kikaweka reli juu za kupokea klipu ya risasi tano, na mahali pa kufungia singe.

Ya tatu ni Pattern 1914 ya Waingereza, ya risasi ya .303, iliyotengenezwa na Winchester, na Remington huko Ilion, na kiwanda kipya cha Eddystone huko Pennsylvania. Jumla ni zaidi ya 1,200,000.

Kama huna haraka, ningekushauri uanze na Mosin ya Marekani. Hakuna bunduki nyingine inayobeba historia nyingi kiasi hicho kwenye chuma chake, na sababu iko katika sehemu ya mikataba iliyovunjika.

Je, zote ni adimu?

Hapana, na hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Bunduki iliyotengenezwa kwa laki kadhaa si adimu kwa sababu tu muuzaji amesema hivyo. Kinachokuwa adimu ni hali yake: Pattern 1914 ambayo bado ina vilengeo vya pembeni vya masafa marefu, ambavyo Waingereza waliviondoa walipozikarabati, au Mosin ya Westinghouse ambayo haijapita kwenye karakana ya nchi nyingine. Aina zilizo adimu kweli tazama swali la «Zipi ni adimu kwa haki?»

## Kusoma chuma

Nitajuaje imetengenezwa wapi?

Soma kabla ya kupenda. Juu ya chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi) ya Mosin za Marekani jina la kiwanda limeandikwa kwa Kiingereza, Remington Armory au New England Westinghouse Company, pamoja na mwaka, na tai wa vichwa viwili wa mfalme wa Urusi. Kilengeo cha nyuma kimepimwa kwa arshini, kipimo cha Kirusi cha sentimita 71 hivi. Mafundi wa Connecticut walikuwa wakichonga namba ambazo wao wenyewe hawakuzitumia popote.

Kwenye Pattern 1914, herufi zilizo mbele ya namba ya mfululizo zinasema yote: W ni Winchester, RE ni Remington ya Ilion, ERA ni Eddystone. Sehemu nyingi ndogo nazo zina herufi ya kiwanda chake. Bunduki yenye W juu na vipande vya E ndani imewahi kufunguliwa na mtu.

Mbao inaweza kuniambia nini?

Mengi. Viwanda vya Urusi vilitumia zaidi mbao ya betula, nyepesi na yenye rangi hafifu. Viwanda vya Marekani vilitumia mbao ya mti wa jozi (walnut) nyeusi, nzito na yenye mistari ya kahawia. Ukiona Mosin yenye jina la Remington lakini kitako cha betula, kitako hicho kimebadilishwa, mara nyingi Finland au Urusi ya Kisovieti. Hilo si kosa. Ni ukurasa mwingine wa maisha yake, ila bei ifuate ukurasa huo.

Angalia pia mihuri ya wakaguzi kwenye kitako. Mtu akiisugua mbao kwa msasa ili ing'ae, mihuri huondoka na haitarudi tena. Nimeona vitako vizuri vya miaka mia vikiharibiwa kwa mchana mmoja wa bidii, na mpaka leo inaniuma.

Kwa nini bunduki moja ina mihuri ya nchi tatu?

Kwa sababu ilipita mikono mitatu. Herufi SA ndani ya mraba ni mali ya jeshi la Finland, muhuri ulioanza kutumika 1942. Bomu linalowaka ni alama ya idara ya zana ya jeshi la Marekani. Tai aliyekwanguliwa mara nyingi ni kazi ya baada ya mapinduzi ya Urusi. Kwa Winchester 1895, maelfu yalipelekwa Hispania na Wasovieti wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza 1936, baada ya kuwa yamekaa ghalani.

Mkusanyaji anayeanza huona mihuri hiyo kama uchafu. Mimi naiona ndiyo bunduki yenyewe. Ile iliyotoka New Haven ikaenda Riga au Helsinki, ikarudi kwenye mnada wa Marekani, inastahili kuachwa kama ilivyo, pamoja na kila mkwaruzo.

«Namba zinazolingana» ni muhimu kiasi gani?

Muhimu, lakini si kwa kila bunduki. Kwa Pattern 1914, bolti (chuma kinachosukuma risasi ndani na kufunga chemba) inapaswa kuwa na namba ya mwili wa bunduki. Kwa Mosin iliyokarabatiwa na Wasovieti, namba za zamani kwenye bolti au bamba la kitako zilifutwa au kukatwa kwa mstari na kupigwa namba mpya. Hizo zinalingana kwa nguvu ya karakana. Muuzaji mwaminifu atakuambia.

Halafu kuna Johnson ya 1941, bunduki ya Kimarekani ambayo haifuati kanuni hii kabisa. Mtutu wake huchomoka kwa mkono na haukupewa namba ya mwili wa bunduki, na bolti ina namba yake yenyewe. Anayekataa kununua Johnson kwa sababu «namba hazilingani» amekataa bunduki iliyo sahihi.

## Mikataba iliyovunjika

Nini kilitokea kwa oda za Urusi?

Hapa ndipo hadithi inapokolea. Oda za Urusi Marekani zilisimama juu ya mikopo iliyopitia Uingereza na benki ya J.P. Morgan. Wakaguzi wa Kirusi walifika viwandani kwa mamia, wakabishana na mafundi juu ya vipimo, mbao na umaliziaji, na utoaji ukachelewa. Viwanda navyo vilikuwa vinajifunza kazi vikiwa kazini: Westinghouse haikuwahi kutengeneza bunduki, na jengo la Bridgeport lilikuwa linajengwa huku oda ikisubiri.

Mashine zilipoanza kwenda mwendo mzuri, mfalme alianguka, mwezi Machi 1917 kwa kalenda ya leo. Serikali ya muda ilidhoofika, Wabolsheviki wakachukua madaraka Novemba, na mlipaji akatoweka. Viwanda vikabaki na bunduki, vipuri, mashine na madeni. Kati ya oda hizo mbili, takriban nusu tu ndiyo iliyowahi kutengenezwa, na sehemu tu ya nusu hiyo ndiyo iliyofika Urusi.

Serikali ya Marekani, ambayo wakati huo ilikuwa imeingia vitani na inahitaji viwanda hivyo viendelee kupumua, ilinunua karibu bunduki 280,000. Ilizitumia kufundishia askari wapya. Baada ya vita ziliuzwa kwa raia kwa takriban dola 3 kila moja.

Ni kweli Wamarekani walizitumia Urusi kwenyewe?

Kweli. Mwaka 1918 kikosi cha 339 cha askari wa miguu, wengi wao vijana wa Michigan, kilipelekwa Arkhangelsk kaskazini mwa Urusi, kikapewa Mosin zilizotengenezwa Marekani ili kitumie risasi zilizokuwa kwenye maghala ya huko. Askari hawakuzipenda. Walikuwa wamezoea bunduki nyingine, na vilengeo vya arshini viliwasumbua. Hivyo bunduki iliyochongwa Massachusetts kwa ajili ya mkulima wa Kirusi ikabebwa na kijana wa Detroit kwenye theluji ya Urusi, akipigana na Warusi. Bunduki inayoweza kuthibitishwa kuwa ilipita njia hiyo ni hazina, ila uthibitisho uwe wa karatasi. Maneno ya muuzaji hayatoshi.

Na Pattern 1914?

Ilikuwa na mwisho mwema zaidi. Waingereza walipoacha kuihitaji na Marekani ikaingia vitani 1917, viwanda vile vile vitatu viligeuza mashine zake na kutengeneza bunduki hiyo hiyo kwa risasi ya Kimarekani ya .30-06. Ndiyo M1917. Zilitengenezwa zaidi ya 2,000,000, na askari wengi wa Marekani walibeba hiyo Ufaransa kuliko Springfield yao rasmi. Watu huzichanganya mbili hizi kila siku, kwa hiyo tazama risasi na mihuri kwanza.

Waingereza walipata kazi nyingine ya Pattern 1914: bunduki za walenga shabaha, na kwa hilo walipendelea zile za Winchester. Hizo ni adimu na huigwa sana.

Zipi ni adimu kwa haki?

Berthier ya Remington. Ufaransa iliagiza 200,000 za mfano wa 1907-15, mkataba ukafa njiani, na zilizotengenezwa hazikufika 10,000. Ukikutana nayo usiisafishe, usiibadilishe kitu, na usiharakishe kutaja bei.

Arisaka ya Meksiko. Serikali ya Porfirio Díaz iliiagiza Japani mwaka 1910 kwa risasi ya milimita 7, ikiwa na tai wa Meksiko juu ya chemba. Díaz aliondolewa 1911, nyingi zikabaki Japani, na vita vilipoanza Urusi ikazinunua. Mkataba wa Meksiko, kiwanda cha Japani, vita vya Urusi.

Johnson ya Chile, 1,000 tu, za risasi ya milimita 7, mwaka 1943. Ndugu yake wa Kiholanzi anafahamika zaidi: Uholanzi iliagiza 70,000 kwa ajili ya jeshi lake la visiwa vya India ya Mashariki (Indonesia ya leo), lakini Wajapani waliiteka Java Machi 1942 kabla nyingi hazijafika. Zilizobaki Marekani ziliwafikia baadhi ya askari wa Marine.

Je, Vita vya Pili vilikuwa na mikataba kama ya kwanza?

Ilianza kama ununuzi wa kawaida, kisha ikaingia katika mpango wa Marekani wa kukopesha zana. Mfano bora ni Lee-Enfield No. 4 iliyotengenezwa na Savage kwa Waingereza, zaidi ya 1,000,000. Ina maneno U.S. PROPERTY kwa sababu kisheria ilikuwa mali ya Marekani iliyoazimwa. Herufi C katikati ya namba yake ni ya Chicopee Falls, kiwanda kile kile cha Stevens kilichotengeneza Mosin za Urusi miaka ishirini na tano kabla. Kuweka mbili hizo kwenye ukuta mmoja ni jambo la kupendeza sana.

## Kununua na kutunza

Naweza kupata barua ya kiwanda inayothibitisha bunduki yangu?

Kwa Winchester 1895 ya Kirusi, hapana. Jumba la makumbusho la bunduki la Cody, Wyoming, lina kumbukumbu za Winchester, lakini kwa mfano wa 1895 zinaishia chini ya namba 60,000. Bunduki za Urusi ziko juu ya hapo. Anayekuuzia na «barua» ya bunduki ya Kirusi aeleze imetoka wapi. Ushahidi wako utakuwa mihuri, sehemu zake na njia iliyopitia.

Nawezaje kukwepa bandia?

Angalia kina cha muhuri. Muhuri wa zamani una kingo zilizolainika pamoja na chuma kinachouzunguka. Mpya huwa na kingo kali ndani ya chuma kilichochakaa. Pitisha tochi kwa pembeni juu ya chemba uone kama pamesagwa. Muulize muuzaji akupigie picha chini ya mbao, maana wengi wanaoghushi hawafiki huko. Akikataa, ondoka.

Je, naweza kuifyatua?

Fundi wa silaha mwenye ujuzi aipime kwanza, hasa nafasi kati ya bolti na risasi. Kuna Mosin zilizobadilishwa Marekani na muuzaji Bannerman ili zitumie risasi ya .30-06. Hizo usizifyatue hata ukiona zinang'aa. Zina sifa mbaya ya usalama tangu zamani.

Risasi za kijeshi za zamani mara nyingi huacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi huvuta maji. Mafuta peke yake hayaiondoi. Osha kwa maji siku hiyo hiyo, kausha kabisa, ndipo upake mafuta.

Naishi pwani, kutu inaninyima usingizi. Nifanye nini?

Hewa ya Mombasa, Tanga au Muscat haina huruma na chuma. Usihifadhi bunduki kwenye mfuko wa ngozi wala wa sponji, kwani vyote hushika unyevu. Tumia kabati lenye kifaa cha kupunguza unyevu, ukilenga karibu asilimia 50, kwa sababu ukikausha kupita kiasi mbao itapasuka. Safu nyembamba ya nta ya makumbusho juu ya chuma hudumu kuliko mafuta. Shika kwa glavu. Mbao uifute tu kwa kitambaa kikavu. Varnishi usiisogeze karibu.

## Sheria na Afrika Mashariki

Naishi Marekani au Uingereza. Sheria inasemaje kwa ufupi?

Marekani, sheria ya taifa huihesabu bunduki iliyotengenezwa 1898 au kabla kuwa ya kale, na iliyozidi miaka 50 kuwa ya mkusanyaji, ambayo ina leseni yake maalumu. Jimbo lako linaweza kuwa kali zaidi. Hapo kuna jambo la kushangaza: baadhi ya bunduki za Finland za mfano wa 1939 zimejengwa juu ya mwili wa Kirusi wa kabla ya 1899, hivyo huhesabiwa za kale ingawa mtutu ni wa miaka ya 1940. Za mikataba ya 1915 hazipati nafasi hiyo.

Uingereza, Mosin na Pattern 1914 zinazofanya kazi zinahitaji cheti cha silaha kutoka polisi. Zilizozimwa kisheria ziwe na cheti chake.

Na Kenya au Tanzania?

Bunduki ya miaka mia ni silaha, kama ya jana. Kenya inaongozwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na Tanzania na sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya 2015. Usiagize, usibebe mpakani na usipokee zawadi ya bunduki kabla ya kuzungumza na mamlaka ya leseni. Hata gobore la babu lililokaa darini linahusika. Likiwa halina kibali, nenda polisi ukaeleze bila kulibeba, wakuambie lifikeje.

Kwa wengi wetu, njia njema ya kukusanya huku ni picha, karatasi, singe halali, medali na vitabu vya vikosi. Si njia ya pili kwa ubora. Kumbukumbu za askari ni chache kuliko bunduki, na zinapotea haraka zaidi.

Je, bunduki za mikataba zilifika kwetu?

Zilifika, kwa njia ya kuzunguka. Vita vilipoanza 1914, kampuni nyingi za askari wa Kijerumani zilikuwa bado na Mauser ya 1871, inayotoa moshi mwingi unaomwonyesha adui ulipo. Baada ya mapigano ya Tanga, Novemba 1914, Wajerumani walikuta bunduki za Kiingereza za kutosha kampuni tatu. Aprili 1915 meli Rubens iliingia ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, ikapigwa na manowari ya Kiingereza, lakini bunduki zake nyingi ziliokolewa kutoka majini.

Kisha Novemba 25, 1917, kamanda wa Wajerumani von Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma akaiteka kambi ya Wareno ya Ngomano, na askari wake wakabadilisha silaha. Jeshi la Ureno lilitumia Mauser-Vergueiro ya 1904, iliyotengenezwa Berlin na DWM, na makoloni yake yalikuwa na Kropatschek kutoka Steyr, Austria. Zote mbili ni za mkataba, zilizoagizwa wakati wa amani. Bunduki ya Berlin iliyouzwa Lisbon ilikuwa inarudi mikononi mwa jeshi la Kijerumani, safari hii ikibebwa na Mnyamwezi au Msukuma.

Nimechimbua bunduki shambani. Nifanye nini?

Usiivute na usiigonge kuondoa udongo. Inaweza kuwa na risasi chemba, na mahali palipoangushwa bunduki panaweza kuwa na mabomu ambayo hayajalipuka. Weka alama, waondoe watoto, wajulishe polisi, na uombe makumbusho yahusishwe. Piga picha ya mahali kabla ya chochote kuhamishwa, pamoja na mti au jiwe la jirani litakalosaidia kupapata tena. Bunduki iliyooza kabisa bado inaweza kuonyesha vita vilipita wapi, mradi ijulikane ililala wapi.